Orodha ya Dhahabu Tuliyoipeleka Kahama



Msimu wa harusi umeingia tena, na kila siku tunaulizwa mambo yale yale: singo, hina, kungwi wa kumtegemea, na khasa dhahabu. Seti ya bibi harusi iwe na vipande vingapi? Karati 21 au 22? Kwao bwana wakileta nyepesi, tuseme au tunyamaze? Leo tutazungumza hilo la dhahabu, lakini kwa kusimulia kisa chetu wenyewe, tena kisa kisichotupa sifa hata kidogo. Mdogo wetu, ambaye ndiye mwenyewe, ametupa ruhusa kwa sharti la kutomtaja jina, yeye wala mumewe.

Sisi ni wanawake wanne wa tumbo moja. Watatu tumeolewa hapa hapa Unguja, na wa mwisho ndiye aliyekwenda kusoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Huko alilala chumba kimoja na binti wa Kahama, Mwislamu, mtulivu, wakashibana. Mwaka 2020 barua ya posa ikaja kutoka kwa kaka wa binti yule. Baba alipoisoma aliuliza suala moja tu: "Kahama ndiyo wapi?" Tukafungua ramani kwenye simu. Mkoa wa Shinyanga. Kwetu sisi watu wa visiwani yote hiyo ni "bara", basi, kuanzia Kigamboni mpaka Kongo.

Kijana alikuwa fundi wa mitambo mikubwa, akifanya kazi kwa mkandarasi kwenye mgodi wa dhahabu. Tukaambiwa ana dini na hana makuu, lakini tukisema kweli masikio yetu yalisimama kwenye neno moja: mgodi. Sote watatu tulipata wazo lile lile bila kuambizana. Mtu anaamka asubuhi anakanyaga dhahabu, sasa ataona tabu gani kuleta seti?

Basi tukakaa sebuleni tukaandika orodha. Mkufu mzito wa kufika kifuani, hereni za kuning'inia, pete tatu, bangili sita. Mama alitusikiliza, akauliza taratibu, "Na hayo yote mtu atayatoa wapi?" Tukamjibu, "Mama, anafanya kazi mgodini." Tukaipiga picha orodha yetu tukaituma kwao. Jibu likaja siku ya pili: wamekubali, inshaallah. Tulifurahi, na hatukujiuliza wamekubali kwa kutumia nini.

Mwaka 2021 mgodi ukafungwa. Ulikuwa Buzwagi, kilomita chache tu kutoka mjini Kahama. Ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 na haukufungwa kwa ajali wala kwa ugomvi. Mawe yenye dhahabu ya kutosha yalikwisha, kama ilivyotazamiwa tangu mwanzo. Miaka 12 tu! Sisi tulidhani mgodi ni kama bahari, upo na utakuwepo. Mkandarasi akafunga kazi, na shemeji yetu mtarajiwa akapewa haki zake na kuagwa vizuri.

Habari ya kazi kwisha haikutushtua sana. Iliyotushtua ni aliyoyasema baada yake. Alimpigia simu mdogo wetu akamwambia asiwe na wasiwasi, orodha itatimia kama ilivyo. Ana marafiki wenye duara upande wa Geita, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Ataingiza kiinua mgongo chake chote humo, na yeye mwenyewe atashuka kuchimba. Miezi mitatu, minne, dhahabu ya harusi itakuwa imepatikana.

Mdogo wetu alitujia analia. Alisema, "Orodha ile niliandika mimi?" Hatukuwa na jibu.

Huenda mnakumbuka yaliyotokea Nyangalata, huko huko Kahama, mwaka 2015. Wachimbaji walifukiwa na kifusi, watu wakakata tamaa, na baada ya siku 41 wakatolewa watano wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula vyura, mende na magome ya miti. Dunia nzima ilisema muujiza, na kweli Mwenyezi Mungu ni muweza. Lakini mdogo wetu alizihesabu zile siku 41 tofauti na walimwengu.

Baba alitaka posa ivunjwe. Mama alitaka iahirishwe. Mwishowe ikaamuliwa twende tukaone kwa macho yetu, sisi watatu pamoja na mjomba wetu wa kutusindikiza, na mdogo wetu abaki nyumbani. Mmoja wetu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minne. Mtaona kwa nini tunalitaja hilo.

Safari ni boti mpaka Dar es Salaam, halafu basi alfajiri: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, mpaka Tinde, ambapo barabara inagawika, moja ya Shinyanga na Mwanza, nyengine ya Isaka na Kahama. Mjomba ana rafiki yake wa siku nyingi Shinyanga mjini, kwa hivyo tulianzia huko tukalala usiku mmoja.

Mwenyeji wetu ni mzee aliyestaafu kiwanda cha kuchambua pamba. Tulipomuuliza kuhusu dhahabu alicheka, akasema, "Hapa dhahabu ya kwanza ilikuwa nyeupe." Alimaanisha pamba. Wakulima wa Usukuma walilima pamba mpaka wakaunda vyama vyao vya ushirika, wakiongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho lililokuwa miongoni mwa makubwa Afrika. Ujana wake, alisema, msimu wa pamba ulikuwa ndio msimu wa harusi. Pesa za marobota zikiingia, mabinti wanaolewa. Baadaye bei zikayumba, ushirika ukadhoofika kwa madeni, viwanda kadhaa vikanyamaza. Alitutajia majirani zake waliokuwa mafundi wa mashine na sasa wana bodaboda.

Tulivyokuwa tunamsikiliza tuliwaza kisutu. Nani kati yetu ameolewa bila kisutu? Pamba ya kanga zetu ililimwa na watu kama hawa, na sisi hatukuwahi kuwafikiria hata siku moja.

Na almasi je? Mwadui iko si mbali na mji. Maharusi, hii hapa ni yenu. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi pale. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, naye akaitoa zawadi kwa Binti Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa mwaka huo huo. Ilipokatwa na kusuguliwa ikabaki karati 23.6, na baadaye ikatiwa kwenye bruchi yenye umbo la ua. Kwa hivyo hata malkia wa Waingereza, zawadi yake ya harusi ilitoka Shinyanga! Tulimwambia mzee hivyo, akasema anajua, na kwamba kijijini kwao wakati ule maji yalikuwa ya kuchota kwenye shimo la mchanga mtoni.

Asubuhi alitutoa kidogo nje ya mji kutuonyesha kitu alichosema ndiyo fahari yake, na tukatarajia jengo. Ilikuwa miti. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliamrisha misitu ikatwe ili mbung'o wafe. Ikafuata pamba na mifugo mingi, ardhi ikawa kipara, mpaka Mwalimu Nyerere akaitaja Shinyanga kuwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wenyewe wakiuita HASHI. Kizuri ni kwamba hawakuleta elimu ngeni. Walirudia desturi ya Wasukuma inayoitwa ngitili: unatenga kipande cha malisho, unakifunga wakati wa mvua, hakiingii ng'ombe mpaka kiangazi kikali, na miti inaota yenyewe kutoka kwenye mizizi iliyobaki ardhini. Mradi ulipoanza zilikuwepo kama hekta 600 tu za ngitili. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Mke wa mzee alituambia kwamba zamani alitumia nusu siku kutafuta kuni, na sasa anazipata nyuma ya nyumba. Kwa mwanamke hilo si dogo, nyinyi wenyewe mnajua.

Kahama tuliingia jioni ya Jumamosi. Kabla ya kufika mjini, dereva alituonyesha mkono wa kushoto vilima virefu visivyo na umbo la vilima. Ni mawe yaliyotolewa chini na kurundikwa. Buzwagi hiyo. Hatukuona mtambo unaotembea. Tulitegemea kukuta mji uliokufa, milango imefungwa, mbwa wanalala njiani.

Tulikuta foleni! Malori ya mpunga, malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi, mashine za kukoboa zinanguruma, maduka ya vitenge mpaka usiku. Mwaka huo huo mgodi ulipofungwa ndio Kahama ilipandishwa kuwa manispaa. Msidhani watu hawakuumia. Baba mwenye nyumba za wageni alituonyesha vyumba vitupu alivyovijenga kwa mkopo kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Halmashauri nayo ilipoteza ushuru wa huduma uliokuwa unalipwa na mgodi. Ila mji ulikuwa na mpunga kabla ya dhahabu, na uko njia panda, basi ukashika vile ilivyokuwa navyo. Kuhusu eneo la mgodi lenyewe, serikali ilikuwa imeamua liwe la viwanda, kwa sababu umeme, barabara na kiwanja cha ndege vilikuwa tayari vipo. Sasa hivi baadhi ya majengo yale yamefanywa chuo cha kufundishia wafanyakazi wa migodi.

Mama mkwe, mjane, alitupokea kwa magoti kama ilivyo desturi yao kwa wageni, tukaona haya. Tukala wali, na mchele wa Kahama hauhitaji sifa zetu. Tukaonjeshwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, mmoja wetu akadhani ni vipande vya mbao. Tulijifunza kusema wabeja, yaani ahsante, tukawa tunaisema kwa kila kitu mpaka watoto wakatucheka.

Baada ya Isha aliingia ndani akatoka na karatasi imekunjwa mara nne. Orodha yetu. Alikuwa ameichapisha stesheni na kuitunza ndani ya mfuko wa Msahafu ili isipotee. Alisema, "Wanangu, nimekwishauza ng'ombe watatu. Bado bangili. Mwanangu anaondoka Jumatatu kwenda kuzitafuta." Hakulalamika. Alikuwa anatutoa hofu, eti tusidhani wamesahau ahadi!

Hatukulala vizuri usiku ule. Tulimpigia simu mama yetu mdogo, anayeishi Manchester miaka mingi, kwa sababu ndiye anayejua kumtuliza baba. Tukamweleza habari ya mgodi kufungwa na mji kubaki. Yeye akatuhadithia mji wake. Manchester ilikuwa mji wa pamba wa dunia nzima. Soko lao kubwa la pamba lilifunga biashara mwaka 1968, na tangu 1976 ukumbi ule ni wa michezo ya kuigiza, huku ubao wa bei za siku ya mwisho ukiwa bado uko juu ukutani. Bandari yao ya Salford ilifungwa mwaka 1982, na leo hapo pana maghorofa ya vioo na studio za televisheni, BBC wakiwemo tangu 2011. Tukamwambia, basi ndiyo hivyo, miji inafufuka. Akatukatiza. "Inafufuka, lakini hesabuni miaka. Kutoka kufungwa viwanda mpaka vioo vile, kuna wanaume walikaa nyumbani mpaka wakazeeka. Mji ulipona, wao hawakupona. Nyinyi mnamuoza mtoto kwa mji au kwa mtu?"

Jumapili tulimwambia shemeji tunataka kuiona hiyo Geita kabla hajaondoka. Hakutaka, mama yake akamwambia atupeleke. Tukapita Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu uliofunguliwa mwaka 2001, vumbi mpaka kwenye kope. Njiani alitueleza kwamba Geita imewahi kufa mara moja. Mgodi wa zamani wa wakati wa Waingereza ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa haukufunguliwa mpaka mwaka 2000. Miaka 34 katikati! Leo Geita ni makao makuu ya mkoa tangu 2012, na mwaka 2019 lilifunguliwa pale soko la madini, ili mchimbaji mdogo auze kwa mizani ya wazi badala ya kumuuzia mlanguzi gizani. Lakini tuliyoyaona hayakuwa sokoni.

Alitupeleka mwaloni, mahali mawe yanaposagwa na kuoshwa. Kwanza ni makelele ya makarasha, mashine za kusagia mawe, na unga mweupe juu ya kila kitu, mpaka kwenye nyusi za watu. Wanawake wamekaa chini wanaponda mawe kwa nyundo. Mmoja, umri wake kama wa mdogo wetu, alikuwa na mtoto mgongoni. Alimimina zebaki kwenye karai la mchanga uliooshwa, akaikoroga kwa vidole vitupu. Zebaki inakamata dhahabu, inaacha mchanga. Akakamua kwenye kitambaa, kikabaki kidonge cheupe kama fedha. Akakiweka juu ya kopo, kopo juu ya jiko la mkaa, akapuliza. Moshi hauonekani vizuri. Baada ya muda kile cheupe kikageuka manjano.

Ndugu yetu mjamzito alikuwa amesimama karibu. Shemeji alimvuta mkono wa buibui akamrudisha nyuma, kwa adabu lakini kwa nguvu. Akatueleza kwamba kazini kwao walifundishwa: ule mvuke ukivutwa unaharibu ubongo na figo, na kwa mwenye mimba unapita mpaka kwa mtoto tumboni. Tanzania imekwisharidhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, na kuna vyombo vya kufunika vinavyonasa mvuke usitoke, lakini pale hatukuona hata kimoja. Tulimwambia yule dada. Alitutazama, akasema kwa Kiswahili chake, "Dada zangu, nikiacha nitakula nini?" Halafu akampangusa mtoto pua kwa mkono ule ule.

Punje ile ilipimwa. Nusu gramu, kazi ya siku nzima, na humo mwenye karasha ana fungu lake na mwenye mawe ana fungu lake. Mmoja wetu akatoa simu akapiga hesabu. Orodha yetu kwa makisio ya sonara ilikuwa gramu 120. Siku 240 za mwanamke yule, kama zote zingekuwa zake.

Tukatembea kidogo mpaka kwenye maduara. Shimo la upana wa mlango, magogo yamepangwa kuzuia udongo, kamba inashuka gizani. Ukichungulia unasikia baridi usoni, na sauti ya mtu akipiga jiwe chini kabisa, ndogo, kama anagonga sufuria nyumba ya tatu. Shemeji yetu alisimama pembeni akijaribu kutabasamu. Tulimuuliza, "Ulikuwa unaingia humu?" Akasema, "Niliahidi."

Mjomba, ambaye safari nzima alikuwa hasemi, akatutazama sisi watatu mmoja mmoja.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu tunajua wengine mtatuelewa vibaya. Hatusemi mwanamke akubali chochote. Mahari ni haki yake, si ya baba yake, si ya dada zake, na Qur'ani imekataza mume kurudisha hata kama alitoa mali nyingi mno. Kuna wanaume siku hizi wamejifunza kisa cha sahaba aliyeambiwa na Mtume (SAW) atafute walau pete ya chuma, wanakirudia kila posa, na wenyewe wana magari mawili. Kisa kile ni cha aliyekuwa hana. Lakini sisi hatukuwa tumemuuliza mdogo wetu anataka nini. Tuliandika sisi, tukifikiria ukumbi, picha, na shoga zetu watakaohesabu bangili. Na kitu kimoja cha aibu zaidi: dhahabu ikifika gramu 85 na ikapita mwaka, baadhi ya wanavyuoni wanasema ina zaka, hata kama ni ya kuvaa. Katika sisi watatu, aliyekuwa anatoa ni mmoja.

Usiku ule tulimpigia mdogo wetu mbele ya mama mkwe, simu ikiwa kwenye spika, tukamuomba aseme mwenyewe. Alinyamaza kidogo. Akasema anataka pete moja na shilingi laki tano taslimu, na kwamba kiinua mgongo kisiende shimoni. Kama mwanamume ni fundi, na mji una mashine za mpunga kila mtaa, kwa nini asizitengeneze? Akaongeza kwamba hilo alikuwa amekwishamwambia mara mbili, ila alimjibu kwamba dada zake hawatakubali.

Mama mkwe alilia. Halafu akauliza na wale ng'ombe watatu je, tukacheka wote mpaka mjomba akashindwa kujizuia.

Akdi ilifungwa Unguja mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani ya 2022. Pesa za ng'ombe zilinunua mashine ya kuchomelea. Kuna waliohudhuria wakamtazama bibi harusi shingoni wakanong'ona, tuliwasikia. Baba alichukua miezi kadhaa kusamehe, hatusemi alimsamehe nani. Mtoto wa ndugu yetu alizaliwa mzima, alhamdulillah, na karibu anaanza chekechea. Shemeji ana karakana yenye vijana wawili, na msimu wa mavuno hapatikani kwenye simu. Msimu ukiwa mbaya hupatikana sana, na mdogo wetu hutuambia wazi kwamba mwezi huu ni dagaa.

Yule dada wa mwaloni tuliwahi kumuulizia, kupitia jamaa za shemeji. Walisema amehamia sehemu nyengine kulikotokea rashi mpya, yaani dhahabu imeonekana na watu wamekimbilia. Mtoto yuko naye.

Na pete. Shemeji aliinunua mwenyewe Kahama, gramu nne, akajivuna sana kwamba angalau hii ni dhahabu ya nyumbani. Mdogo wetu alipokuja likizo ilikuwa imembana, tukampeleka kwa sonara wa Mji Mkongwe aipanue. Mzee yule aliivaa miwani yake, akaigeuza ndani, akatuonyesha mhuri. Ilikuwa imetengenezwa Dubai.

Mdogo wetu aliichukua, akaitazama kwenye mwanga wa mlango, akauliza kupanua ni shilingi ngapi.